Mtu wa tambarare nilivyojifunza kona, kuanzia Manyovu mpaka Kitonga

Mi nimezaliwa Urambo nikakulia Tabora mjini, na aliyewahi kufika kule anajua nchi yetu imelala kama mkeka, ni miti ya miombo kushoto miti kulia barabara katikati imenyooka mpaka macho yanachoka. Nilianza bodaboda 2014, kijiwe changu kilikuwa karibu na stendi, na kwa miaka mitano kona niliyokuwa naijua ni ile ya kukata mtaa kuingia Ng'ambo au Cheyo. Nilikuwa najiita dereva aisee. Kwenye mchanga hamna mtu wa kuniambia kitu, mchanga wa Tabora nimeukata na abiria wawili na dumu la asali juu, sijawahi kulala nao chini hata siku moja.

2019 mama mdogo akanipigia kutoka Kigoma, yeye anafanya biashara ya dagaa pale Kibirizi, ananunua mwaloni pale mitumbwi inaposhushia samaki anapeleka milimani huko Kalinzi na Manyovu siku za soko. Akasema mwanangu njoo na pikipiki yako unibebee mzigo, hawa wa huku wananimaliza kwa nauli. Nikaenda. Af sikuuliza milima ikoje maana mlima kwangu ulikuwa ni kitu cha kwenye kitabu cha jiografia.

Sasa kwa asiyeijua hiyo njia, mji wa Kigoma uko chini kabisa pembeni ya Ziwa Tanganyika, na ziwa lenyewe liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari. Unatoka mjini unafika Mwandiga, pale ukishika ya Manyovu unaanza kupanda, na unapanda kweli, maana lile ziwa limelala kwenye bonde la ufa na huku unapanda kuta zake. Lami ni nzuri sana na ndo tatizo lenyewe, lami nzuri inakudanganya. Hewa inabadilika, unaanza kuona migomba na kahawa, ukifika Kalinzi unatafuta jaketi. Na muda wote huo barabara inajikunja, inajikunjua, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili.

Safari ya kwanza kupanda haikuwa na shida, mlima wenyewe unakupunguzia spidi. Kushuka ndo nikakiona. Nilikuwa na tabia ya kwetu kwamba ukipata kamteremko unaweka fri, yan unatoa gia, pikipiki inajiendea yenyewe unaokoa mafuta, nikafanya hivohivo, kona ya kwanza nikapita, ya pili nikapita kwa breki, ya tatu breki ya nyuma nikaikanyaga ikawa kama nimekanyaga godoro. Haikamati. Harufu ya kuungua inakuja. Nikabana ya mbele kwa nguvu katikati ya kona, tairi la mbele likateleza, nikajikuta nimekaa kwenye mtaro pikipiki iko mbele yangu inazungusha tairi.

Bahati nilikuwa narudi na magunia matupu. Ningekuwa na mzigo leo nisingeandika hapa. Goti lilichubuka, indiketa mbili zikafa, na suruali niliyonunua siku mbili nyuma ikawa ya kufutia meza.

Waliokuja kuninyanyua walikuwa kina mama waliokuwa wanatoka shamba pamoja na mzee mmoja wa bodaboda wa Kalinzi, jina lake silitaji hapa ila watu wa njia ile wakisoma watamjua, yule anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitika marahaba af akaniuliza we mtoto wa wapi. Nikasema Tabora. Akacheka mpaka akashika kiuno, akasema ndo maana, huko kwenu mnaendesha kama treni.

Hakunionea huruma, ila alifanya kitu ambacho mpaka leo namshukuru. Akainama akaangalia tairi langu la nyuma, akalipapasa kwa kiganja, akaniambia na mimi nipapase. Kumbe tairi la mtu anayeendesha njia iliyonyooka miaka yote linalika katikati tu, langu lilikuwa limekuwa bapa kama la gari, pembeni bado kuna vinyweleo vya dukani. Sasa ukija kulala kwenye kona tairi bapa haliviringiki taratibu, linafika pale kwenye ukingo wa ubapa linadondoka ghafla upande na we unashtuka unabana breki. Akasema kanunue tairi kwanza halafu ndo uje tuongee mambo ya kona. Elfu zangu zikaondoka lakini yan tofauti niliiona siku hiyohiyo, pikipiki ilikuwa kama imepakwa mafuta.

Wiki iliyofuata akanikalisha juu ya karavati kwenye kona moja kali, hatukuendesha, tulikaa tu kama nusu saa tunaangalia magari. Nilijua ananipotezea muda maana dagaa wangu wako kwenye jua. Akawa ananionyesha, ona yule kijana, kaingia kasi, ona sasa anavyotoka upande wa mwenzie. Ona lile lori, kichwa kinachukua barabara nzima ili tela lipite, sasa ukikutana nalo hapo katikati unaenda wapi? Ona huyu mama mwenye skuta, kapunguza huko nyuma kabla ya kona, ndani ya kona hagusi breki hata kidogo, anatoka huku anaongeza mafuta. Huyo ndo dereva.

Kile kikao cha karavati ndo kilinifungua macho, mengine yote niliyojifunza yalitokea pale. Spidi unaimalizia kwenye mstari ulionyooka, gia unapanga hapohapo, ukishaingia kwenye kona kazi yako ni kuangalia tu. Kuangalia wapi? Mi nilikuwa naangalia mbele ya tairi, au mbaya zaidi naangalia lile korongo nisije nikaingia, na pikipiki inakufuata macho aisee, ukiliangalia korongo unaliendea. Mzee akasema usiangalie unapoingia, angalia unapotokea, geuza kichwa chote kama unamtafuta mtu aliyekuita. Mwanzo nilijisikia mjinga, nageuza shingo kama bundi, lakini baada ya siku nne tano mikono ikaanza kujipanga yenyewe.

Halafu kuna hili la kona ya kulia. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kona ya kulia ukiilalia karibu na mstari wa kati unakuta matairi yako upande wako kihalali kabisa lakini kichwa na bega viko upande wa anayekuja. Polisi hawezi kukukamata ila kioo cha basi kitakukamata. Kona ya kushoto nayo ina lake, ukiingia mapema ukabana ndani sana itakutupa nje mwishoni, moja kwa moja mbele ya lori. Kwa hiyo unasubiri, unakaa karibu na mstari wa kati upande wako mpaka uone inavyofunguka ndo unaingia. Kusubiri huko ndo kulinishinda muda mrefu kuliko vyote.

Na kushuka unashuka na gia uliyopandia. Hii kila dereva wa lori anaijua, mi nilikuwa naisikia tu. Ukiwa gia ya pili au ya tatu injini inakushikia, breki unazigusa mara mojamoja zinapata muda wa kupoa. Zile breki za drumu ukizikanyaga mfululizo zinapata moto zinaacha kukamata, ndo lile godoro nililokanyaga.

Kuna kitu kimoja tulibishana na mzee. Alisema ukitaka kwenda kushoto sukuma usukani mkono wa kushoto. Nikamwambia mzee hapo sasa umechanganya, ukisukuma wa kushoto tairi si linageukia kulia? Akasema kajaribu barabara ikiwa tupu. Nikaenda kujaribu alfajiri njia ya Ujiji, spidi kama arobaini hivi, nikasukuma kidogo tu kushoto, pikipiki ikalala kushoto ikaenda kushoto. Nikarudia kama mara kumi, watu wanaoenda sokoni wananiangalia huyu kalewa asubuhi yote hii.

Jioni nikiwa mtaani Mwanga, Kigoma hapohapo, nikipata bando naangalia video za wenzetu. Kuna barabara Marekani mpakani mwa Tennessee na North Carolina wanaiita Tail of the Dragon, mkia wa joka, kona 318 ndani ya maili 11, kama kilomita 18 tu, watu wanatoka mbali na mapikipiki ya mamilioni kwenda kucheza pale. Na kuna mti wanatundika vipande vya pikipiki zilizoanguka, wanauita mti wa aibu. Nikawaza Kalinzi wangekuwa nao indiketa zangu mbili zingekuwa pale zinaning'inia. Nyingine ni Stelvio huko Italia, inapanda mpaka mita 2,757, upande mmoja una kona 48 za kugeuka kabisa unarudi ulikotoka, ilijengwa miaka ya 1820 enzi za farasi, na majira ya baridi wanaifunga kwa sababu ya theluji. Nilimwonyesha mzee kwenye simu akaangalia kimya, mwisho akauliza swali moja tu: hawa hawana mzigo?

Hawana. Hapo ndo nikaona kwamba wale wanafanya kwa raha, sisi tunafanya na gunia la dagaa nyuma, na gunia nyuma linafanya tairi la mbele liwe jepesi, usukani unakuwa kama hauna habari na wewe. Mzigo usogeze mbele, ufunge chini usicheze. Gunia linalocheza kwenye kona ni sawa na abiria anayekataa kulala na wewe, wote mmewahi kumbeba mnamjua.

Basi nikaenda hivo miaka mitatu, Jumanne na Ijumaa, mpaka 2022 kaka yangu ambaye ananunua vitunguu Ruaha Mbuyuni akasema njoo huku unisaidie mwezi mmoja. Ruaha Mbuyuni! Maana yake Kitonga, ule mlima wa kona kali unaoushuka ukitoka Iringa kwenda Ruaha Mbuyuni. Kila anayependa pikipiki nchi hii ameisikia Kitonga. Mama mdogo akasema panda basi, nikasema mama niache.

Siku ya kwanza Kigoma Tabora, kipande cha Uvinza kilikuwa bado vumbi tupu, nikavuka Malagarasi kwenye daraja la Kikwete, usiku nikala ugali nyumbani kwetu. Siku ya pili Itigi, Manyoni, na pale mbele ya Manyoni kuna mteremko wa Saranda unaoingia bonde la ufa, nikautumia kama mazoezi. Dodoma nikalala. Siku ya tatu nikapita bwawa la Mtera nikapanda Nyang'oro, kona tamu sana zile, lami safi magari machache, kama mtu anataka kujifunza namshauri aanzie Nyang'oro kuliko Kitonga. Iringa baridi ilinitoa machozi.

Asubuhi ya siku ya nne nikapita Ilula, wauza nyanya wamepanga ndoo barabarani, na muda mfupi tu ukingo ukafunguka. Nikasimama kwanza. Sio kuogopa, au tuseme ukweli ni kuogopa. Chini unaona malori yamejipanga kama siafu, ya kwenda Zambia na Kongo yanapanda yananguruma, yanayoshuka yananuka breki. Ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande mwingine.

Nikaingia gia ya pili. Nilichojifunza Manyovu kilikuwa kinatosha isipokuwa kitu kimoja, subira ya malori. Lori la mbele linashuka mwendo wa mtu anayetembea, unatamani kuovateki, na kila kona unaona kama kuna kanafasi. Vijana wawili walinipita wakaingia kwenye hako kanafasi, wa pili akakutana na lori linalopanda likiwa limetanua kichwa, akajibana ubavuni mwa tela la lile tulilokuwa nyuma yake, sijui alipitaje, mi nilifumba jicho moja. Nikabaki nyuma ya lori langu, mbali kidogo ili nisivute ule moshi na ili nione kona, moyoni nikisema mzee wa koti la mvua angekuwa hapa angetafuta karavati akae.

Sehemu moja nikakuta matawi ya miti yamelazwa barabarani, nikapunguza, kumbe kona ya mbele kuna lori limekufa katikati. Ningekuwa nashuka na fri kama zamani ningelibusu.

Nilipofika chini joto likanipiga kama nimefungua mlango wa oveni, nikavua jaketi, nikashika drumu ya nyuma kwa kidole, ya uvuguvugu tu. Nikapapasa tairi. Limelika pembeni kulia na kushoto kama katikati, nikalipiga picha nikamtumia mzee WhatsApp. Akajibu sauti, sekunde tatu: "Haya, Tabora imeisha."

Kaka alinipokea na chai na chapati, akaizunguka pikipiki, akaiangalia keria, akatingisha kichwa akasema mdogo wangu hii inabeba magunia mawili ya vitunguu, Jumamosi unayapandisha Ilula.