Usiku Tulioshuka Kabla ya Kufika Lenana

Safari ya Mlima Kenya ilipangwa kwenye kundi letu la WhatsApp la kazini, lile ambalo siku zote hujaa taarifa za seva zilizoanguka. Mwenye wazo alikuwa mkuu wetu wa mradi. Ni mkimbiaji wa marathoni, mtu wa kuamka gizani na kumaliza kilomita 20 kabla sisi wengine hatujafumbua macho, na alitaka tupande kwa njia ya Sirimon, tulale kibanda cha Old Moses, kisha cha Shipton, alfajiri inayofuata tuwe kileleni Lenana, mita 4,985. Dada wa hifadhidata akaandika mstari mmoja tu: "Tuongeze usiku mmoja wa kuzoea hewa." Hesabu ikapigwa. Usiku wa ziada mlimani unalipiwa kila kitu: kiingilio, kitanda, kiongozi, wapagazi. Tayari gharama ilikuwa imetuuma, maana hata buti na mfuko wa kulalia tulikodi, na wangu ulikuja na zipu iliyokufa katikati ambayo mwenye duka aliapa kwamba "inashika vizuri tu ukiizoea". Usiku wa ziada ukafutwa.

Nyuma ya nissan, njia nzima hadi Nanyuki, ndipo nilipoanza kuwajua hawa watu ninaofanya nao kazi. Kijana anayesanifu kurasa za programu yetu, yule ambaye mkutano ukizidi nusu saa goti lake huanza kutikisika, kumbe wikendi zake huzimalizia Iten, ukingoni mwa Bonde la Kerio, akiruka na parachuti la kuelea. Alitueleza jinsi anavyosimama ukingoni na kitambaa kimetandazwa nyuma yake, akingoja upepo upande kutoka bondeni, na jinsi anavyowatazama mwewe kabla ya kuruka. Mwewe wakizunguka mahali pamoja bila kupiga mabawa, pale kuna hewa ya moto inayopanda, naye anaelekea huko huko akazunguke nao. Alisema anaweza kukaa angani saa mbili bila kuwaza chochote kuhusu kazi. Mtaalamu wa mtandao naye anaingia mapango ya Suswa, yale mashimo marefu yaliyoachwa na lava iliyoganda juu huku ya ndani ikiendelea kutiririka hadi ikaisha, na hatoki nyumbani bila tochi tatu. Nilimwuliza kwa nini tatu. "Moja ya kutumia, moja ya akiba, na ya tatu kwa sababu ya akiba pia hufa."

Dada wa hifadhidata alipoulizwa alijibu, "Mimi hupanda miamba," akarudi kutazama dirisha.

Inafaa nieleze alivyo kazini. Ni mtu wa maneno machache na maswali mengi. Ukimletea mabadiliko Ijumaa jioni atakuuliza nakala rudufu iko wapi. Ukimwonyesha atakuuliza kama umewahi kujaribu kuirejesha, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hakuna anayejua kama inafanya kazi. Wako wanaomkwepa. Mkuu wa mradi mwenyewe humwita "forodha", kwa maana kwamba hupiti bila kufungua mizigo.

Siku ya kwanza ilikuwa barabara ya kupanda polepole hadi Old Moses, mita 3,300. Ya pili ilikuwa ndefu, Bonde la Mackinder lote, hadi Shipton kwenye mita kama 4,200. Kibanda ni baridi kuliko nje, vitanda ni vya ghorofa na godoro ni jembamba hivi kwamba ubao unakuhesabu ubavu kwa ubavu. Pimbi walikuja kuchungulia mifuko yetu kama wenye nyumba. Dada alipita kitanda hadi kitanda akiuliza swali lile lile: kichwa kinauma? Umekula? Umekojoa? Mkuu wa mradi alikuwa amekula vijiko viwili akasukuma sahani, akasema ni uchovu tu.

Tuliamshwa saa nane na nusu usiku, na saa tisa tulikuwa njiani, mstari mmoja wa tochi za kichwani, kiongozi mbele na msaidizi wake nyuma. Njia pale ni changarawe legevu juu ya mwinuko mkali, hatua mbili mbele na nusu hatua unateleza nyuma. Hewa ya huko ina zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni unayoivuta ufukweni Mombasa, na mwili unakudai kila hatua. Hakuna aliyezungumza. Nilikuwa nyuma ya mkuu wa mradi, na kwa muda mrefu nilichokiona cha dunia ni visigino vya buti zake.

Ndivyo nilivyoona mguu wake wa kulia ukikanyaga pembeni ya njia, mahali ambapo hapakuwa na njia. Akajirudisha. Baadaye kidogo ukakanyaga tena. Kabla sijasema neno, sauti ya dada ikatoka nyuma yangu: "Simameni wote."

Alipita mbele, akamwinamia usoni bila kummulika machoni. "Mkubwa, kichwa?"

"Niko sawa. Twende, tutapoa."

"Najua uko sawa. Hebu tembea hapa." Akachora mstari kwa ncha ya fimbo kwenye changarawe, mrefu kama kitanda. "Kisigino kiguse vidole. Polepole."

Mkuu wa mradi, mtu niliyemwona akimaliza mbio ndefu na kusimama kupiga picha, aliweka mguu mmoja mbele ya mwingine na hakuweza. Hatua ya pili ilimpeleka kushoto, ya tatu ilimwangusha mikononi mwa msaidizi wa kiongozi. Akacheka kidogo. Kile kicheko ndicho kilichonitisha. Aliulizwa leo ni siku gani, akafikiri sana, kisha akasema Jumatano. Ilikuwa Jumamosi.

Kichwa kuuma kwenye mwinuko ni jambo la kawaida, karibu kila mmoja wetu kilimgonga. Lakini mtu akianza kuyumba na kuchanganyikiwa, ubongo umeanza kuvimba, na hapo zinahesabika saa. Mbio za marathoni hazisaidii kitu, mapafu ya mkimbiaji na ya mvivu huugua sawa, na mara nyingine mkimbiaji huumia zaidi kwa sababu anaweza kupanda haraka kuliko mwili wake unavyozoea. Kuna dawa za kusaidia, ila tiba yenyewe ni moja: kushuka, na kushuka sasa, hata kama kilele kiko juu ya kichwa chako.

Naye hakutaka kushuka. Alisema amelipa. Alisema wote tumelipa. Alisema apumzike dakika kumi. Kiongozi alimsikiliza kwa heshima akamwambia, "Mzee, leo kwako mlima umekwisha," lakini bado alikuwa anabisha, sasa kwa sauti ya mtoto. Dada alimfunga kofia vizuri chini ya kidevu, akamwambia, "Tunashuka mimi na wewe. Kileleni utakuja, tena nitakuja nawe." Akageuka kwetu. Alitaka msaidizi wa kiongozi, na mtu mmoja wa kumulika njia. Nikasema nitakwenda mimi. Nilitamani sana kufika Lenana, bado natamani, lakini nilikuwa nimeviona vile visigino.

Kushuka kulichukua karibu saa mbili. Msaidizi upande mmoja, dada upande wa pili, mimi hatua tatu mbele nikimulika jiwe kwa jiwe. Kila baada ya muda dada alimwuliza jina lake, jina la mama yake, jina la mradi wetu. Mwanzoni alijibu la kwanza tu. Tulipofika chini, karibu na lobelia, ile mimea mikubwa ya mlimani, alijibu yote matatu na akaongeza kwamba ana njaa. Dada akaketi juu ya jiwe, akavua glavu, na nikaona mikono yake inatetemeka.

Tulipumzika hapo tukimnywesha chai ya tangawizi. Labda ili mikono ipate kazi, dada aliniita nione katikati ya lobelia. Majani yake yamejipanga kama bakuli, na ndani ya bakuli mna maji. Usiku maji hugandia juu, kifuniko cha barafu chembamba kama kioo cha saa. Alikibonyeza kwa kidole kikapasuka, akanishika mkono akauzamisha chini yake. Maji ya chini hayakuwa yameganda. Chipukizi changa kimo humo, kimekingwa dhidi ya baridi kwa barafu ya maji yake yenyewe, na asubuhi jua likipiga kifuniko huyeyuka.

Hapo ndipo alipozungumza. Aliniambia alianza kupanda miamba Hell's Gate, kwenye nguzo ya mwamba iitwayo Mnara wa Fischer, akiwa na mwenzake wa kamba. Mmoja anapanda, mwingine yuko chini ameshika kamba kupitia kifaa kilichofungwa kiunoni, na aliye juu akiteleza maisha yake yako katika mkono wa aliye chini. Kwa hiyo kabla mguu haujatoka ardhini wanakaguana. Fundo la nane, lile lenye umbo la tarakimu 8, limerudishwa lote? Karabina, ile pete ya chuma ya kuunganishia kamba, imefungwa? Mkanda umepita mara mbili kwenye bizimu? Wanaulizana kwa sauti, hata kama wamepanda pamoja miaka, hata kama jana yake tu wameulizana. "Hakuna anayekasirika kuulizwa," alisema. "Ofisini watu hukasirika."

Nilifikiria Ijumaa zote zile.

Kilele nilikisikia tu. Wenzetu walirudi nyuso zimebabuka kwa upepo, wakatuonyesha picha za Batian na Nelion, vile vilele viwili virefu zaidi, vikiwa vyekundu kwa jua la kwanza, na za barafu ya Lewis ambayo imesinyaa mno, kipande kilichobaki ubavuni mwa mwamba. Nyumbani kwetu watu wa umri wa wazazi wangu wanaujua mlima huu kwa jina la Kirinyaga, na mama yangu aliponisindikiza aliniuliza ninapanda kutafuta nini. Alinisimulia tena habari za Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera huko juu nchi ilipopata uhuru mwaka 1963, kama mtu anayesema kwamba yule angalau alikuwa na sababu. Sikuwa na jibu la kumpa. Ninalo sasa, ingawa sidhani atalikubali: nilikwenda kujua ni nani ninayekaa naye meza moja.

Kiongozi wetu nilimwuliza njiani tukirudi yeye hufanya nini siku za mapumziko. Alishangaa swali. Alisema hulala hadi jua liwe juu, kisha huenda kuangalia viazi vyake. Mwaka huu amepanda Lenana mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na mara zote amelipwa malipo ambayo, nikiyalinganisha na kodi ya buti tuliyotoa kule dukani, yananiudhi hadi leo. Tulichanga kitu juu ya bahashishi iliyopangwa. Hakikutosha, na kila aliyekuwa kwenye gari alijua hakikutosha.

Kwenye nissan mkuu wa mradi aliomba kiti cha karibu na dada. Alikuwa amepona kabisa, amepauka tu, na alikuwa na kipande cha kamba alichokitoa kwenye begi lake. Kuanzia Karatina hadi Thika alikuwa akifunga fundo la nane, akimpa alikague, akilifungua na kuanza upya. Dada alilivuta kila mara, akalipindua, akalirudisha bila neno likiwa na kasoro. Kijana wa parachuti aliinuka kwenye kiti ili aone vizuri, na mtu wa mapango akamulika kwa tochi yake ya tatu.

Mwezi ujao tunakwenda Hell's Gate, na jina langu limo kwenye orodha. Dada ameshatutumia ujumbe: tukate kucha za miguu, viatu vya miamba hubana, na yeyote asiyependa kuulizwa maswali abaki nyumbani. Mkuu wa mradi ndiye aliyejibu wa kwanza, kwamba atakuja na kwamba safari hii ameomba likizo ya siku moja zaidi.