Geji Yenye Alama Nyekundu

Mwaka 1984, ule wa ukame na mahindi ya manjano, hospitali moja ya misheni upande wa Kakamega ilimuaga sista wa Kiholanzi aliyesimamia wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji. Nafasi yake ilichukuliwa na muuguzi Mkenya aliyesomea Nairobi. Mimi nilikuwa muuguzi mwandikishwa wa wodi hiyo, ngazi iliyo chini ya muuguzi aliyesajiliwa, nikapewa daftari la makabidhiano. Wao wakihesabu, mimi naandika.

Tulianza na kabati la dawa za hatari, maana kesi nyingi huanzia hapo. Pethidini, dawa kali ya maumivu, ilikuwa ya ampuli za miligramu 50 na za 100. Daftari lake lina safu za tarehe, saa, jina la mgonjwa, kipimo, aliyedunga, shahidi na salio, na salio hilo lazima lilingane na ampuli zilizomo kabatini. Lisipolingana, mara nyingi hakuna mwizi. Mama kaandikiwa miligramu 50, wodi imebakiwa na ampuli za 100 tu. Nusu inadungwa, nusu inamwagwa, na kilichomwagwa hakiandikwi. Zamu ya asubuhi inakuta hesabu ya miligramu inasema hivi, ya ampuli inasema vile. Kinga yake ni kuandika kilichotolewa, kilichodungwa na kilichomwagwa, sahihi mbili kwa yote matatu, na ampuli tupu ikae kabatini hadi zamu zipokezane. Vyombo vya upasuaji vilikwenda haraka. Forseps mbili hazikuonekana, zikaandikwa kuwa hazikuonekana.

Tulikwama kwenye otoklevu, chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu kwenye vyombo.

Ilikuwa ya kukalishwa juu ya jiko la mafuta ya taa. Kwenye kioo cha geji, yaani kipimo cha presha, karibu na namba 18, palikuwa na alama nyekundu ya rangi ya kucha. Mkuu mpya akaitazama.

"Sista, kitabu kinasema 15."

Na kweli, ndivyo tulivyofundishwa sote: presha ya ratli 15 kwa inchi ya mraba, nyuzi 121 za Selsiasi, dakika 15 kwa vyombo vitupu na 30 kwa vifurushi vya nguo na gozi.

"Kitabu hicho kiliandikwa pwani, mama," akajibu Mholanzi kwa Kiswahili chake cha misheni.

Alimaanisha usawa wa bahari. Geji haisomi presha yote iliyomo ndani. Inasoma ile tu iliyozidi hewa ya nje. Kakamega iko mita 1,500 na kidogo juu ya bahari, na hewa yake ina upungufu wa ratli mbili na kitu ukilinganisha na ya Mombasa. Kwa hiyo huku geji ikionyesha 15, mvuke hauko nyuzi 121, uko kama 118. Kanuni ni kuongeza nusu ratli kwa kila futi 1,000, yaani kwetu ratli mbili na nusu. 18 ilikuwa ya kuondoa shaka. Sirinji za kioo, tulizochemsha majini, nazo vilevile. Huku maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo dakika 20 zilihesabiwa tangu yalipotokota, na ukiongeza sirinji nyingine katikati, ulianza kuhesabu upya.

Tena kuna hewa. Valvu ya kutolea hewa isipoachwa wazi hadi mvuke utoke mfululizo bila kukatika, hewa inabaki chini, geji inapanda vizuri, na vifurushi vya chini havifikii joto. Utepe wa otoklevu utageuka rangi hata hivyo, kwa sababu unaonyesha kwamba kifurushi kimepita kwenye joto, hausemi kimekaa humo muda gani. Na kifurushi kikitoka kimelowa hakitumiki. Nguo mbichi hupitisha vijidudu kutoka kwenye meza hadi ndani.

Hayo yote hayakuandikwa popote. Nasema hivi kwa kuwa siku zile wazee wa kamati ya hospitali walikuwa na hofu kwamba wauguzi wetu hawajaiva. Kuiva walikuwa wameiva. Huyu mpya alichora partografu, chati ya maendeleo ya uchungu, ya kila mzazi, akijua kwamba mstari wa tahadhari ulikwenda sentimita moja ya kufunguka kwa mlango wa uzazi kwa saa na wa kuchukua hatua ulikuwa saa nne mbele yake. Sista wa zamani alitegemea vidole na kumbukumbu yake. Kilichokuwa kinaondoka na mgeni ni vitu kama ile rangi ya kucha. Nilijaza kurasa tatu juu ya otoklevu peke yake.

Jioni kamati ikaketi. Mwenyekiti alikuwa na hesabu yake: ametoka mmoja, ameingia mmoja. Mkuu mpya akaomba ubao.

Akasema, wodi ya wazazi haifungwi. Zamu tatu kwa siku 365 ni zamu 1,095 kwa mwaka. Muuguzi anayefanya kazi siku tano kwa wiki, ukitoa likizo, sikukuu na siku za kuugua, anabaki na wiki 44, yaani zamu 220. Gawanya. Jibu ni karibu watu watano, ili tu awepo mkunga mmoja aliyesajiliwa saa zote. Sista alikuwa akilala hatua chache kutoka wodini, hana mume wala watoto, akigongewa dirisha saa yoyote. Jina lake halikuwahi kuwa kwenye ratiba ya usiku. Mshahara wake ulitoka Uholanzi, kwa hiyo haukuwamo hata kwenye vitabu vya hospitali. Bure hiyo ndiyo iliyokuwa imeficha pengo la watu wanne.

"Mama, pesa hizo tutazitoa wapi?" mwenyekiti akauliza, na swali lilikuwa halali, mwaka ambao wagonjwa wenyewe walikuwa kwenye foleni ya unga.

Walikubali watatu. Wawili aliwapanga usiku kwa kupokezana, kwa kuwa usiku daktari yuko mbali na mama anayevuja damu hasubiri. Wa tatu akapewa alasiri. Asubuhi akaishika mwenyewe pamoja na sisi waandikishwa. Mmoja wa usiku akienda likizo, alihamia usiku yeye, na asubuhi tukabaki sisi.