Nilikuwa Nayatibu Maji, Kumbe Mgonjwa Ni Mchanga

Wiki tatu nzima bwawa nililokabidhiwa kulitunza lilikuwa na rangi ya maji ya kusuuzia nguo nyeupe: povu limekwisha, weupe umebaki. Halikuwa kijani, halikunuka, kuta hazikuwa na utelezi. Weupe tu. Kwenye kina kifupi niliona miguu yangu vizuri, lakini kwenye kina kirefu ule wavu wa bomba la sakafuni ulikuwa umemezwa. Wavu huo usipoonekana bwawa linafungwa, wala hakuna mjadala, kwa sababu mtu akizama hapo walio juu hawamwoni. Nikazungushia kamba, nikaanza vita.

Vita yenyewe niliipigana upande usio na adui.

Mambo yalianza hivi. Mvua zilinyesha mfululizo, umeme wa pampu ukapata hitilafu, pampu ikalala siku nne, na maji yakaota mwani. Dawa ya hilo niliijua: nikatia klorini ya kutosha, nikasugua kuta kwa brashi, na siku ya pili kijani kikatoweka. Kikaacha weupe. Nikadhani klorini haijatosha, nikaongeza. Weupe ukabaki palepale. Nikaongeza tena. Hapo ndipo ningejiuliza swali moja dogo: huo mwani uliokufa umekwenda wapi? Haukwenda kokote. Klorini inaua, haizoi maiti. Mabaki yake yalikuwa yanaelea humohumo, chembe ndogo kiasi kwamba hata kutua chini haziwezi, na wa kuzizoa ni chujio.

Chujio letu, tangi lililojaa mchanga, sikulitilia shaka kwa sababu ndilo nililokuwa nalihudumia kuliko kitu kingine chochote. Kila asubuhi nililipiga bakiwoshi. Kwa asiyejua, huko ni kuyageuza maji mwendo: badala ya kuingia juu ya mchanga na kutokea chini, yanaingia kwa chini, yanaunyanyua mchanga, na kutoka na uchafu kwenda bomba la maji machafu. Dakika tatu, mpaka kile kioo cha kuchungulia kionyeshe maji safi, kisha narudisha mkono wa valvu kwenye kuchuja, nawasha pampu, naondoka nikijisifu moyoni. Pampu yetu inasukuma lita 10,000 hivi kwa saa, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa natupa lita 500 za maji yenye dawa niliyoitia jana yake.

Katikati ya hayo nikajaribu pia dawa ya kung'arisha, ile inayozikusanya chembe ndogo ziwe kubwa za kunaswa na mchanga. Kipimo kiliandikwa kwenye chupa. Nikatia mara mbili yake, kwa akili ileile ya mgonjwa anayemeza vidonge vinne badala ya viwili ili apone kesho. Dawa ile ikizidi, yenyewe ndiyo inayoleta ukungu, na mchanga unaanza kunata.

Nilipochoka nikamwita fundi mmoja mtu mzima. Nilitarajia achote maji, apime, atikise vichupa. Maji hakuyatazama hata mara moja. Alinyoosha kwenye kibanda cha pampu, akazima pampu, akasimama mbele ya geji ya presha.

“Kijana, pampu inafanya kazi?”

“Hapana mzee, si umeizima sasa hivi?”

“Haya, hii 10 inayosomeka hapa inatoka wapi?”

Mshale ulikuwa umekwama. Pampu iwake, izime, geji ilisema psi 10, psi ikiwa kizio cha kupimia presha. Miezi yote ile nilikuwa nikiipita naona 10, nasema vizuri, haijapanda. Sikuwahi kuitazama pampu ikiwa imezimwa, ambapo inapaswa kurudi sifuri. Geji ndiyo jicho pekee la kuona kinachoendelea ndani ya lile tangi, na langu lilikuwa limepofuka.

Akanifunza jambo ambalo sikulitarajia kabisa: mchanga msafi kupita kiasi unachuja vibaya. Mchanga mpya unanasa chembe za kuanzia mikroni 20 hadi 40 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Zilizo ndogo zaidi zinapenya. Uchafu wa kwanza ukishakaa kati ya punje, nafasi zinapungua, na uchafu wenyewe unakuwa sehemu ya chujio, unanasa chembe ambazo mchanga mtupu ungeziachia. Ndiyo maana bakiwoshi haifuati kalenda, inafuata presha. Unaandika presha ya siku chujio lilipokuwa safi, unasubiri ipande kwa psi 8 hadi 10 juu ya hapo, ndipo unaosha. Mimi nilikuwa naubomoa ukuta kila asubuhi kabla tope halijakauka.

Halafu akauliza swali lililoniumbua. “Ukimaliza kuosha, unasuuza?”

Kwenye valvu kuna sehemu sita: kuchuja, kuosha kinyume, kusuuza, kutupa, kuzungusha bila kuchuja, na kufunga. Ya tatu sikuwahi kuigusa. Nilidhani ni ya mambo makubwa ya mafundi. Kumbe baada ya kuosha, uchafu uliotibuliwa unabaki umezagaa juu ya mchanga na ndani ya mabomba. Ukirudi moja kwa moja kwenye kuchuja, vumbi lote hilo linasukumwa bwawani. Kusuuza kwa nusu dakika au dakika moja kunaulaza mchanga upya na kulipeleka hilo vumbi nje. Kwa hiyo kila asubuhi, saa ileile ninayojisifu kwamba nimesafisha, nilikuwa nawarudishia maji sahani ya uchafu wao.

Tukafunga geji mpya. Ikasoma psi 6, na fundi hakufurahi. Presha ndogo hivyo, wakati kikapu cha pampu ni safi na skima, ule mdomo wa ukingoni unaonyonya maji ya juu, haijaziba, maana yake maji yamepata njia ya mkato. “Tufungue,” akasema.

Hapa niseme kitu kwa anayetaka kufungua lake: zima pampu, kisha fungua kitundu cha hewa juu ya tangi na usubiri mpaka lisiwe na presha kabisa, ndipo uguse kifuniko. Tangi lenye hewa iliyobanwa linaweza kumrushia mtu kifuniko usoni. Na mkono wa valvu haugeuzwi hata siku moja pampu ikiwa inazunguka. Ndani yake kuna gasketi yenye umbo kama la buibui, na inaharibika hivyohivyo.

Kifuniko kilipotoka nikaona kilichokuwa kinanitesa. Uso wa mchanga unatakiwa uwe tambarare na uteme maji ukiuchota. Wetu ulikuwa na mashimo, mawili ya kuingia dole gumba kwa kulisukuma, moja refu limejichimba kando ya ukuta wa tangi. Katikati palikuwa na mabonge magumu, na nilipolipasua moja mkononi likawa na mafuta mafuta. Mafuta ya kujikinga na jua, yale wanayojipaka watu kabla ya kuingia majini, yanaishia humo. Na ugumu ule mwingine ulikuwa chokaa. Hilo nalo lilikuwa langu: pH, kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji, niliiacha ikapanda mpaka 8 nikiwa nimeshughulika na klorini peke yake. Maji yenye madini mengi na pH ya juu yanaachia chokaa, nayo chokaa inagandisha mchanga kama saruji. Tena pH ikiwa hapo juu klorini yenyewe inazimia: kwenye maji yasiyo na kiimarishi, ile dawa ya kuikinga klorini na jua, kwa 8 inayobaki na nguvu ya kuua ni kama robo tu, wakati kwa 7.4 ni zaidi ya nusu. Nilikuwa namwaga nyingi ili nipate chache.

Mabonge mepesi unaweza kuyavunja kwa mkono na kuusafisha mchanga kwa dawa yake. Huu wa kwetu ulikuwa na miaka mingi kuliko mtu yeyote aliyeweza kukumbuka, na kwa kawaida mchanga unabadilishwa baada ya miaka mitano hadi saba. Tukautoa wote. Tangi letu linachukua kilo 150, lakini hizo ni za mchanga mkavu. Uliolowa una uzito wake mwingine, na shingo ya tangi inaingiza kopo tu, si koleo. Sitaieleza siku hiyo zaidi. Mgongo wangu unaikumbuka kwa niaba yangu.

Chini kabisa kuna mabomba membamba yenye mipasuo myembamba kama nywele, yametandazwa kama vidole. Yanapitisha maji, yanazuia mchanga. Kimoja kilikuwa na ufa. Ndipo nikaelewa kile kichuguu cha mchanga kilichokuwa kikijikusanya chini ya matundu ya kurudishia maji bwawani, ambacho kwa muda mrefu niliwalaumu watoto kwamba wanaingia na miguu michafu. Watoto wale wananidai radhi.

Tulipobadilisha kile kidole, nilipendekeza tutumie mchanga wa ujenzi uliokuwa umerundikwa hapo jirani. Fundi alinitazama kwa muda kidogo bila kusema. Mchanga wa chujio ni wa silika, umechekechwa punje zilingane, milimita 0.45 hadi 0.55. Wa ujenzi una udongo, una kokoto, una punje za kila ukubwa. Ndogo zinapenya kwenye mipasuo, kubwa zinaacha mianya. Tukaleta mchanga halisi wa chujio, mifuko sita ya kilo 25. Mdomo wa bomba la katikati tukaufunga kwa mfuko wa plastiki na utepe ili punje isiingie hata moja, tukajaza maji nusu tangi ili mchanga ukidondoka usivunje vidole, tukamimina taratibu, barakoa usoni, maana vumbi la silika si la kuvuta. Juu tukaacha nafasi. Wakati wa kuosha, mchanga unapaa, na ukijaza mpaka shingoni wote unakimbilia nje.

Fundi alikagua pia valvu. Kwenye bomba la maji machafu, chujio likiwa kwenye kuchuja, kulikuwa na mchirizi mwembamba usiokatika. Gasketi ile ya buibui ilikuwa imeliwa upande mmoja. Kumbe maji niliyokuwa nikijazia kila wiki nikisema jua limeyanywa yalikuwa yakitokea hapo. Tukaweka nyingine.

Tukaosha mchanga mpya mpaka kioo kikawa safi, tukasuuza, mimi mwenyewe nikageuza mkono. Geji ikasoma 12. Fundi akaiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye tangi, akaondoka. Nikakimbilia ukingoni kutazama maji. Meupe vilevile.

Hapo nilitaka kurudia ujinga wangu. Nilikuwa tayari na shabu mkononi. Shabu inafanya kazi, inaushusha uchafu wote chini kwa usiku mmoja, lakini lazima pampu izimwe kabisa, na asubuhi uufyonze ule utando polepole kwenda nje moja kwa moja, valvu ikiwa kwenye kutupa. Ukiupitisha kwenye mchanga, unagandisha mchanga uleule uliotoka kuutia jana. Nikampigia fundi simu. Akaniuliza pampu yangu inazunguka saa ngapi kwa siku. Nikasema nne.

“Piga hesabu mwenyewe,” akasema, akakata.

Bwawa letu ni mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita 1.4. Hiyo ni mita za ujazo 70, lita 70,000. Pampu ya lita 10,000 kwa saa inahitaji saa saba kupitisha kiasi hicho mara moja, nami nilikuwa naipa nne. Na hata zikitimia saa saba, si kwamba kila tone limepita. Maji safi yanarudi kuchanganyika na machafu, kwa hiyo mengine yanapita mara mbili na mengine hayajapita hata mara moja. Mzunguko mmoja unafikia kama asilimia 63 ya maji, miwili 86, mitatu 95. Nikashusha pH mpaka 7.4, nikihakikisha asidi na klorini hazikutani nje ya maji hata kwa bahati mbaya, kisha nikaiacha pampu iwake usiku na mchana. Mikono nikaifunga nyuma.

Siku ya kwanza sikuona tofauti. Ya pili niliona kivuli cheusi chini ambacho kingeweza kuwa wavu au matumaini yangu. Presha ilikuwa 14. Asubuhi ya tatu, maji yakiwa yametulia kabla ya upepo, niliweza kuhesabu skrubu za ule wavu. Nne. Moja ina kutu.

Siku hizi pampu inazunguka saa kumi na nne, na nina daftari lililoning'inia kibandani kwa uzi: tarehe, presha, pH, klorini. Bakiwoshi ya mwisho ilikuwa siku kumi na tisa zilizopita. Leo asubuhi geji imesoma 17. Mkono uliniwasha, lakini 20 bado.