Kutoka Mbale hadi Ziwa Turkana: Mchanga, Upepo na Boksa Moja

Tulipotangaza kwamba sisi saba tungetoka Mbale, mashariki mwa Uganda, kwa pikipiki hadi ufuko wa magharibi wa Ziwa Turkana, jamaa zetu waliuliza habari za usalama wa Karamoja, eneo la kaskazini-mashariki mwa Uganda tutakalopitia, peke yake. Hakuna aliyeuliza habari za mchanga, nasi hatukujiuliza, kwa kuwa wanne kati yetu walikuwa na mashine kubwa zenye uzito wa zaidi ya kilo 200 na waliamini kwamba nguvu ya injini ingetosha. Wa saba alikuwa mzee aliyewahi kuwa mwenyekiti wa steji ya bodaboda mjini kwetu, ambaye bado tunamwita Mzee wa Steji. Yeye alikuja na Boksa yake ya kila siku, pikipiki ndogo ya bodaboda, jerikani ya petroli ikiwa imefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu kuukuu. Nakiri kwamba kabla ya kuondoka tulijadiliana faraghani kama angetuchelewesha.

Siku ya kwanza haina mengi. Barabara ya kupitia Muyembe na Nakapiripirit hadi Moroto ni ya lami, na jioni tulikuwa tumekwisha kula na kulala. Asubuhi tulivuka kuingia Kenya kupitia Lokiriama, mahali ambapo mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walifanya mkataba wa amani na kuzika silaha, na ambapo tukio hilo hukumbukwa hadi leo. Salamu ya Kikaramoja, "Ejoka?", tuliyoitumia Moroto iliitikiwa vilevile upande wa pili, maana lugha za watu hao ni ndugu. Kadi ya njano ya bima ya COMESA ilitufaa pia, na ninamshauri kila anayekusudia safari ya namna hii aitafute mapema.

Kabla ya Lodwar tulikutana na laga, yaani mikondo ya mito iliyokauka, na hapo ndipo mashine kubwa zilipoanza kuaibika. Gurudumu la mbele likizama katika mchanga, mwendeshaji mgeni hufunga mafuta kwa hofu, uzito wote huhamia mbele, na pikipiki hulala chini. Nilianguka mara tatu katika laga moja, na kila mara tulihitajika watu watatu kuinyanyua mashine yangu, huku joto likizidi kupanda. Boksa, ambayo haizidi sana kilo 110, ilipita taratibu kwa gia ya pili, na pale iliponasa Mzee alishuka, akaisukuma huku injini ikinguruma, kisha akapanda tena kama mtu anayevuka mfereji wa sokoni.

Jioni hiyo mjini Lodwar alitufundisha bila kutusimanga. Alituambia tupunguze upepo wa matairi karibu nusu ili yapanuke juu ya mchanga, tusimame juu ya vikanyagio, tutazame mbali badala ya kutazama gurudumu, na tuongeze mafuta kidogo pale ambapo moyo unataka kuyafunga. Kuhusu mwendo wa kundi alikuwa na sharti moja, kwamba kila mtu awajibike kwa yule aliye nyuma yake, na asipomwona asimame. Nimesafiri na makundi ambayo kiongozi hukimbia kisha akawasubiri wengine kivulini kwa majivuno, na sasa ninaona kwamba uongozi wa aina ile ni upuuzi mtupu.

Kutoka Lodwar hadi Kalokol ni kilomita 60 hivi, na kutoka hapo tuliufuata ufuko kuelekea kusini hadi Eliye, tukipita kati ya mikoche na maji yenye rangi ya kijani. Ziwa hili halina mto unaotoka. Maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke tu, na ndiyo maana yana magadi. Upepo wa kusini-mashariki ulitupiga usoni tangu alfajiri, mchanga ukaingia katika vichungi vya hewa na meno yetu kwa pamoja. Kero kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa miba ya mathenge, kichaka cha maeneo makavu, kwa sababu tairi lililopunguzwa upepo huikanyaga kwa upana zaidi. Tuliziba pancha tisa kwa siku moja. Huko Eliye tuliona pia jinsi ziwa lilivyopanda katika miaka ya karibuni na kumeza sehemu ya ufuko, kiasi kwamba njia tuliyoelekezwa na mwenyeji ilikuwa chini ya maji, nasi tukalazimika kupanda vilima vya mchanga.

Tulikusudia kuendelea kusini zaidi, lakini tulizuiwa na matete na tope la mlango wa mto Turkwel. Hapo ndipo mmoja wetu alipokumbuka kwamba mto huo ndio Suam, unaoanzia juu ya Mlima Elgon, ukafuata mpaka wa Uganda na Kenya na kupitia bwawa la Turkwel lenye ukuta wa mita 153 kabla ya kushuka jangwani. Mlima tunaouona kila asubuhi kutoka Mbale ndio uliotufungia njia. Mvuvi mmoja alitukataza kusogea ukingoni kwa sababu ya mamba, akatuchotea maji mwenyewe kutoka kwenye mkondo. Mzee wa Steji aliyaonja, akasema hayana magadi kama yale ya ziwani, akanywa yote yaliyobaki, kisha akaanza kuijaza upepo tairi yake ya nyuma kwa pampu ya mkono, kwa ajili ya barabara ya kurudi Lodwar.