Choo kigumu hakianzii chooni

Ukilalamika choo kigumu hapa Mtwara, hutakosa mtu wa kukuagizia papai. Papai ni zuri, sikatai. Ila wengi lawama tunaipeleka tumboni, na tumbo lenyewe halina kesi.

Chukua sahani ya ugali wa muhogo, mbaazi za nazi na kipande cha samaki. Mdomoni mate yanaanza kuvunja wanga. Tumboni, asidi na vimeng'enya vinaishughulikia protini ya samaki na mbaazi, na chakula kinakaa humo kama saa 2 hadi 4. Tui likiwa zito kinakawia zaidi, maana mafuta hulichelewesha tumbo kumwaga chakula. Ndiyo maana aliyetafuna korosho nyingi hasikii njaa upesi: gramu 30 zina mafuta karibu gramu 13, makapi-mlo, yaani nyuzi za chakula ambazo mwili hauwezi kuzimeng'enya, gramu 1 tu.

Kisha utumbo mwembamba, karibu mita 6. Nyongo inayagawa mafuta kuwa matone madogo, juisi ya kongosho inavunja kilichobaki, virutubisho vinaingia kwenye damu. Mmeng'enyo kwa sehemu kubwa umeishia hapo.

Sasa maji, na hapa ndipo penye shughuli. Kwa siku utumbo mwembamba hupokea kama lita 9 za majimaji: 2 tulizokunywa na kula, 7 za mwili wenyewe, yaani mate, juisi ya tumbo, nyongo na kadhalika. Nyingi hufyonzwa palepale. Zinazovuka kwenda utumbo mpana ni kama lita moja na nusu, na kwenye choo cha kawaida hutoka mililita 100 hadi 200 tu. Mabaki yanaweza kukaa utumbo mpana siku nzima au zaidi, na muda wote huo maji yanaendelea kunyonywa. Kadiri yanavyokawia, ndivyo yanavyokauka.

Yanakawia kwa nini? Kwanza, makapi-mlo machache. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 kwa siku. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kinakupa kama gramu 11; sembe imeshakobolewa, ndiyo maana dona inaishinda kwa mbali. Lakini usijishindilie mbaazi siku moja ukitaka kufidia. Baadhi ya sukari zake mwili hauna kimeng'enya cha kuzivunja, zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wanazila na kutoa gesi. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya. Ongeza kidogokidogo kwa wiki mbili hivi, na unywe maji ya kutosha. Makapi bila maji huweza kuzidisha tatizo.

Pili, kubana haja. Puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ikijaa unapata hamu ya kwenda. Ukiipuuza hamu inapoa, choo kinabaki kinakauka. Soko, daladala, kazini, visingizio haviishi. Muda mzuri ni nusu saa baada ya chai ya asubuhi, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao huamka. Choo cha kuchuchumaa nakipigia debe bila aibu: msuli unaoivuta puru hulegea na njia hunyooka. Cha kukalia, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, na usikamue kwa nguvu. Bawasiri nyingi zinachochewa na huko kukamua.

Mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma asishtuke choo kikiwa cheusi na kigumu. Aongeze maji na makapi, amwambie mkunga, asiache vidonge kimyakimya. Cheusi cha kunata kama lami, chenye harufu kali, ni habari nyingine: huenda damu inavuja tumboni au karibu yake, aende hospitali siku hiyohiyo. Choo kilichopauka kabisa maana yake nyongo huenda haifiki utumboni, kwani rangi ya kahawia hutokana nayo. Damu nyekundu juu ya choo kigumu mara nyingi ni mchubuko au bawasiri, lakini ikijirudia ipimwe.

Na mtu aliyevimba tumbo, anayetapika, hapati choo wala ushuzi, asipewe dawa ya kumfanya aharishe. Utumbo unaweza kuwa umeziba, na dawa hiyo inausukuma dhidi ya kizuizi. Huyo anahitaji daktari upesi.