Siku moja maishani mwangu: naandika waleti ya faragha nikiwa Mombasa

Kila nikisema nafanya kazi ya kripto watu wanadhani nauza sarafu ama nawatafutia njia ya kutajirika haraka, kwa hivyo leo naandika siku yangu nzima ilivyoenda, saa kwa saa, muone wenyewe.

Saa 11 alfajiri

Naamka na adhana, naswali, halafu nafungua laptopu kabla nyumba haijaamka maana saa hizi mtandao hapa Tudor uko laini. Nachangia kuandika waleti huria ya Monero, ile sarafu ambayo ukitazama blokicheni, yaani daftari la pamoja la malipo yote, huoni nani katuma, nani kapokea wala ni pesa ngapi. Upande wangu mimi ni simu za bei ya chini, zile za ramu giga 2 ambazo ukifungua kitu cha pili cha kwanza kinauawa. Nakuta wenzangu walioko nchi zingine wameniachia maoni usiku. Wengi wao siyajui majina yao ya kweli na wao hawalijui langu, na hakuna anayeuliza, kinachosomwa ni msimbo tu. Malipo yenyewe yanatoka kwa mchango wa jamii, unaandika pendekezo la kazi, watu wanachanga, unalipwa kila hatua ikikamilika.

Shida ya wiki hii ni moja: mtu anafungua waleti, inaanza kuskani bloku, yaani kurasa za lile daftari, ijue pesa zake zilipo, anapokea simu ama anaingia WhatsApp, akirudi inaanza upya. Kwa mwenye simu kubwa na Waifai ya nyumbani hilo si jambo, lakini kwa mtu wa bando la shilingi 20 ni pesa imeteketea.

Saa 1 asubuhi

Chai ya maziwa, mahamri na mbaazi za nazi. Mamangu amesikia mahali kwamba watu wa kazi kama yangu wanafungwa, akaniuliza, "Mwanangu, hii kazi yako ni ya halali?" Sikutaka kumficha. Nikamwambia ni kweli, Alexey Pertsev, mmoja wa walioandika Tornado Cash, programu ya kuchanganya kripto za watu isijulikane nani katuma kwa nani, mahakama ya Uholanzi ilimhukumu Mei 2024 kifungo cha miaka mitano na miezi minne, na mwenzake Roman Storm akapatikana na hatia ya shtaka moja kule Marekani Agosti 2025. Lakini nikamwambia pia habari za Phil Zimmermann, aliyetoa PGP mwaka 1991 ili mtu wa kawaida aweze kufunga barua zake za intaneti, serikali ya Marekani ikamchunguza karibu miaka mitatu kwa madai kwamba amesafirisha silaha, ndiyo, programu ya kufunga barua ilihesabiwa kama silaha, mpaka Januari 1996 wakaiacha kesi bila kumshtaki. Leo kila ujumbe wa WhatsApp mama anaomtumia shangazi yangu Lamu umefungwa kwa hesabu za ukoo huohuo na hakuna anayemuuliza anaficha nini. Na hapa kwetu Katiba ya 2010 kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na mambo ya familia yake yasianikwe bila sababu. Mama akasema basi niwe na adabu na kazi yangu nisiwe na haraka, akaniongeza mbaazi.

Saa 3 asubuhi

Hapa ndipo kazi yenyewe, na naomba mnivumilie kidogo maana ndiyo sehemu niipendayo. Monero inatoa bloku moja kila dakika 2, kwa siku ni 720, mtu akikaa mwezi bila kufungua waleti ana bloku kama 21,600 za kupitia. Na kwa sababu kila malipo yanaingia kwenye anwani ya mara moja tu, ambayo mtu wa nje hawezi kuihusisha na wewe, hata simu yako mwenyewe haijui ipi ni yako mpaka ipige hesabu kwa kila malipo yaliyomo mle ndani. Hiyo ndiyo bei ya faragha, na anayeilipa ni betri. Mwaka 2022 mtandao ulipoboreshwa iliongezwa tagi ndogo ya baiti 1 kwenye kila malipo: simu inafanya hesabu ya mwanzo, inalinganisha ile baiti, isipofanana inaruka hesabu zote zilizobaki, na kwa kuwa baiti ina thamani 256, karibu zote ambazo si zako zinatupwa hapohapo. Baiti moja tu! Mtu aliyeifikiria hiyo namheshimu sana, ameokoa betri za watu ambao hawatamjua maisha yao yote.

Mimi nimeongezea kitu kidogo juu ya hapo, bloku zinashushwa kwa mafungu madogo na kila fungu likiisha waleti inaandika imefika wapi, simu ikiiua inaanzia pale. Saa 4 stima ikapotea, nikaendelea na betri na hotspoti ya simu, na kwa kweli kukatikakatika kwa mtandao kulinisaidia maana ndiyo hali yenyewe ninayotaka programu iivumilie.

Saa 7 mchana

Baada ya adhuhuri nakaa na vijana wawili wa chuo wanaotaka kuanza kuchangia, tunakaa barazani kwa jirani na madafu. Mmoja akaniuliza kwa nini tusitumie Bitcoin tu, si ndiyo ya siri? Nikamwambia hapana, Bitcoin ni daftari lililo wazi, ukishajua anwani ya mtu unaona kila kilichoingia na kutoka tangu mwanzo. Wale wenyewe waliotutangulia walilijua hilo. David Chaum mwaka 1982 alishaonyesha namna benki inavyoweza kutia saini pesa bila kujua itatumiwa na nani, akafungua kampuni ya DigiCash, ikafilisika 1998 na pesa yake ikaondoka nayo kwa sababu yote ilisimama juu ya kampuni moja. Masaifapanki, watu walioamini faragha hulindwa kwa hesabu za siri na programu, walianza kukutana California 1992, kina Eric Hughes, Timothy May na John Gilmore, jina lenyewe alilitoa Jude Milhon, na Hughes mwaka 1993 akaandika kwamba faragha ni uwezo wa kuchagua nini unaionyesha dunia, na kwamba saifapanki kazi yake ni kuandika msimbo. Hal Finney aliyekuwa miongoni mwao ndiye aliyepokea Bitcoin za kwanza kutumwa, 10, Januari 2009. Kwa hivyo Bitcoin ilitatua la DigiCash, haina kampuni ya kufilisika, lakini la Chaum la 1982 ikaliacha, ndipo Monero ikaja Aprili 2014 kuliendeleza.

Yule kijana wa pili alikuwa kimya muda wote halafu akauliza, "Sasa bro, sisi wa huku tunaingilia wapi?" Swali zuri. Nikamwambia mimi naona waliotangulia walimaliza sehemu kubwa ya hesabu, kilichobaki ni kuifikisha kwenye simu ya mtu wa Kongowea, na hiyo kazi mtu asiyeijua hiyo simu hawezi kuifanya. Nikampa faili la majaribio asome, ameahidi kurudi nalo.

Saa 10 jioni

Matatu kutoka Buxton, daraja la Nyali magari yamesongamana, mpaka Kongowea kwa binti ya mama yangu mdogo anayeuza madera. Simu yake ndiyo naipenda kujaribia, kioo kimepasuka kona, hifadhi imejaa picha za madera.

Mkasa wake nausimulia kwa ruhusa yake. Mteja akimlipa kwa simu, mteja huyo anapata jina na namba ya dadangu, basi mwanamume mmoja alinunua dera moja akaanza kumpigia usiku, wiki nzima. Alichofanya dadangu ni kuhamisha malipo kwenye laini ya mamake. Yule bwana akakoma, lakini sasa mamake anaona kila shilingi ya biashara, na kila jioni anaulizwa mbona leo kidogo, ile elfu 3 imeenda wapi. Mtu mzima, ana watoto wawili. Nikisikia watu wanasema faragha ya pesa ni ya wahalifu mimi namfikiria yeye.

Simshawishi aweke mtaji wake kwenye Monero, bei inapanda na kushuka na mtaji wa madera hauwezi kuchezewa hivyo. Ninachomwekea ni waleti kwenye mtandao wa majaribio, sarafu zake hazina thamani. Tukaanza kuskani, nikamwambia afanye kazi zake kama kawaida. Akapiga picha dera la zambarau, akaingia WhatsApp akatuma kwa wateja, akapokea simu, akabishana bei na mama mmoja, kwa hakika simu ikawa imeshaiua waleti. Akafungua tena. Ikaanzia pale ilipofika! Nikapiga makofi mpaka jirani wa mitumba akageuka.

Akaniuliza, "Kaka, na mama hapa ataona?" Nikamwambia haoni kitu. "Na nikitaka aone?" Nikamwonyesha ufunguo wa kutazama, ukimpa mtu anaona yaliyoingia lakini hawezi kutumia hata senti, unaweza kuwa na waleti ya duka ukampa mhasibu ama mama ufunguo wake, na yako ya nyumbani ukabaki nayo. Akakaa kidogo akasema hiyo ndiyo anayoitaka. Ni lile la Hughes la 1993, na dadangu amelifikia mwenyewe katikati ya madera.

Saa 2 usiku

Nimetuma matokeo. Mkaguzi akajibu haraka na neno la maana: lile faili linaloandika waleti imefika wapi lina pia orodha ya malipo yaliyo yako, je limefungwa kwa nenosiri kila linapoandikwa, au lipo wazi sekunde kadhaa kwanza? Kwa sababu simu ikiibiwa, daftari zima la mtu liko pale. Nikabadilisha lisiguse hifadhi kabisa kabla ya kufungwa, nikarudia majaribio yote, yakapita. Saa 5 kasoro akaidhinisha.

Nikamwandikia dadangu asiiuze ile simu kwanza. Sasa hivi kila malipo ya Monero yanajificha kati ya malipo 16, wenzetu wanajenga na kujaribu FCMP++, mbinu mpya ambayo itayaficha kati ya yote yaliyowahi kuwa kwenye mnyororo, zaidi ya milioni 100, na uthibitisho wake ni mzito zaidi kutengeneza. Nataka nijue kile kioo kilichopasuka kitachukua sekunde ngapi.