Forester ya Turbo na Petroli ya Barabara ya Mombasa

Fedha niliyokuwa nimeiweka kando ili kuiongezea nguvu injini ya gari langu ilitosha kununua kitu kimoja kikubwa au vitu vidogo kadhaa, na mwishoni mwa Novemba 2017 ilinibidi niamue. Gari lenyewe lilikuwa Subaru Forester ya kizazi cha pili iliyoagizwa kutoka Japani, yenye injini ya lita 2 ya EJ205 na turbo ndogo ya aina ya TD04, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Familia ilikuwa imekwisha kukubaliana kwamba Krismasi ingetukuta Mombasa. Kwa hiyo chochote ambacho ningekifunga kwenye injini ile kingepaswa kubeba watu watano na mizigo yao umbali wa karibu kilomita 480, kisha kiturudishe sote Nairobi salama.

Jijini Nairobi, mwenye Subaru ya turbo hakosi washauri. Wengi wetu tulikua tukiishangilia Impreza ya buluu katika Safari Rally, Colin McRae aliposhinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, na mapenzi hayo hayajatutoka. Jirani yangu alinisihi ninunue turbo kubwa iliyotolewa kwenye STI, toleo la Impreza lenye nguvu zaidi. Rafiki mmoja alishikilia kwamba nianze na bomba pana la ekzosi. Binamu yangu alikuja na wazo la petroli ya ndege ndogo, ile inayouzwa Uwanja wa Wilson, tuichanganye na super, petroli ya kawaida ya magari, ili injini ivumilie msukumo mkubwa zaidi wa hewa ya turbo.

Fundi niliyemwendea katika Eneo la Viwanda alikuwa mtu mzima aliyezifungua injini hizi kwa miaka mingi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akafuta mikono, ndipo akaniuliza, "Kijana wangu, kabla hujaniambia unataka nguvu kiasi gani, niambie utatia petroli gani. Na ukifika Mtito Andei, utaitia wapi?"

Swali hilo ndilo lililopanga kazi yote iliyofuata, na mpaka leo naliona kuwa swali la kwanza ambalo kila mwenye gari la turbo anapaswa kuulizwa. Injini ile ilipangiwa muda wa cheche huko Japani kwa kutegemea petroli ambayo Wajapani huiita haioku, ambayo kwa kiwango chao haipaswi kuwa na oktani chini ya 96 na ambayo kwenye pampu nyingi hufikia 100. Super yetu ya kawaida iko chini ya hapo kwa pointi kadhaa. Oktani haiongezi nguvu ndani ya petroli. Inaonyesha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa na kupashwa joto bila kujiwasha yenyewe. Turbo inapoijaza silinda hewa nyingi na ya moto, mchanganyiko ulioko pembezoni, ambao moto wa plagi haujaufikia, unaweza kulipuka wenyewe kwa mara moja. Mlipuko huo ndio mafundi wanaouita kugonga kwa injini, na ukiendelea chini ya msukumo mkubwa hupasua kingo za pistoni zinazoshikilia ringi.

Tulianza kuchambua mafuta kabla ya kugusa spana. Petroli ya ndege, inayojulikana kama 100LL, ina oktani ya kutosha, lakini pia ina risasi, ambayo inaruhusiwa kufikia gramu 0.56 kwa lita. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliiondoa risasi katika petroli ya magari mwanzoni mwa mwaka 2006, na magari yaliyotengenezwa baada ya petroli ya risasi kuachwa hudhurika nayo haraka: risasi huganda juu ya sensa ya oksijeni na kuziba katalisti inayosafisha moshi. Mbali na hayo, sikuwa tayari kuwapumulisha risasi watoto wanaotembea kando ya barabara ili mimi nipite lori moja kwa haraka zaidi. Binamu yangu alinielewa, ingawa ilimchukua siku kadhaa.

Ethanoli ilinivutia kuliko yote. Kule Muhoroni hutengenezwa kutokana na molasi ya miwa, oktani yake iko juu, na inapogeuka mvuke hupoza hewa inayoingia kwenye silinda. Tatizo ni kwamba petroli huungua vizuri kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa 1, ilhali ethanoli huhitaji takriban 9 kwa 1. Kwa hiyo mchanganyiko wenye ethanoli nyingi hudai nozeli kubwa za kunyunyizia mafuta, pampu kubwa na tangi linaloisha mapema. Zaidi ya hayo, hakukuwa na pampu ya mchanganyiko huo kati ya Athi River na Changamwe. Chupa za kuongeza oktani nazo tuliziweka kando fundi aliponionyesha kwamba zile pointi zinazotangazwa kwenye lebo mara nyingi huhesabiwa kwa sehemu za kumi, hivyo pointi tano ni nusu tu ya oktani moja.

Hofu yetu kubwa ilikuwa mafuta ya taa. Wakati huo yalikuwa na bei nafuu kuliko petroli kwa kiasi cha kumshawishi mfanyabiashara asiye mwaminifu ayachanganye, na oktani yake ni ndogo mno. Serikali ilikuja kuyatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwezi Septemba 2018 ili kuua biashara hiyo, lakini mwaka wetu ule dereva alijilinda mwenyewe. Tuliamua kwamba gari lipangwe kwa super ya kawaida, tuijaze katika vituo vyenye magari mengi, na petroli ya daraja la juu tutakayoipata Nairobi au Mombasa iwe nyongeza ya usalama tu, isihesabiwe katika hesabu za nguvu.

Baada ya uamuzi huo, orodha ya vifaa karibu ilijiandika yenyewe. Turbo kubwa iliondoka, kwa sababu bila petroli ya kuistahimili ingekuwa gharama ya kununua joto. Fedha ilikwenda kwenye pampu mpya ya petroli, kuosha nozeli na kuzipima moja moja, plagi zenye kupoa haraka zaidi kwa daraja moja, mipira mipya ya hewa, na kazi ya kuandika upya jedwali za kompyuta ya gari, zinazopanga petroli, cheche na msukumo.

Katika kuifungua injini, fundi alitoa bolti inayopitisha oili kwenda kwenye turbo. Ndani ya bolti hiyo, katika injini nyingi za aina hii, mna kichujio kidogo cha waya kinachotosha kwenye ncha ya kidole cha mwisho. Alikishika kwa koleo nyembamba akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, na hatukuona mwanga ukipita isipokuwa sehemu moja ya pembeni. Matundu mengine yote yalikuwa yamefunikwa na masizi meusi ya oili iliyopikika. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili, na oili ya turbo yetu ilikuwa ikipitia kwenye upenyo ule mmoja. Kama ningenunua turbo kubwa na kuifunga juu ya bomba lile, ingekufa kabla ya Voi.

Upangaji wa kompyuta ulifanyika juu ya mashine ya roli ya kupima nguvu. Fundi alikuwa na laptopu iliyosoma kila kitu, lakini hakuiamini peke yake. Aliifunga kwenye bloku ya injini ncha ya bomba jembamba la shaba iliyopondwa bapa na kutobolewa, akaunganisha mpira upande wa pili, akauingiza kwenye viziba masikio. Aliponipa nisikilize, nilisikia injini ikinguruma kwa mbali, na alipoisogeza cheche mbele kidogo kwa makusudi, yaani iwake mapema zaidi, ikasikika sauti kavu ya changarawe ikidondoka juu ya bati. Mara moja akairudisha nyuma, kisha akapunguza nyuzi nyingine kadhaa kwa ajili ya petroli ya njiani. Uwiano wa hewa na petroli chini ya msukumo kamili aliuacha karibu na 11 kwa 1.

Jambo ambalo lisingenijia akilini ni bahari. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wake, na shinikizo la hewa huku, likipimwa kwa kipimo cha baa, ni takriban baa 0.82, ilhali Mombasa ni baa 1.01. Geji ikionyesha msukumo wa baa 0.9, injini ya Nairobi inapokea jumla ya baa 1.72, geji hiyohiyo Mombasa ina maana ya baa 1.91, yaani hewa zaidi kwa karibu asilimia 11, katika joto kali zaidi, kwa petroli ileile. Gari lililopangwa Nairobi likaonekana salama kabisa linaweza kuanza kugonga likikaribia Mazeras. Kwa hiyo fundi aliandika kikomo kwa shinikizo la jumla, ili kadiri tunavyoteremka msukumo wa kwenye geji upungue wenyewe.

Tulisafiri wiki ya Krismasi, mpwa wangu akiwa kiti cha mbele na laptopu magotini. Kuteremka hakukuwa na neno. Namba inayoonyesha kiasi ambacho kompyuta inayaamini mafuta ilibaki kileleni Mtito Andei, Voi na hata baada ya kujaza tena tangi Mombasa, na geji ilishuka karibu na baa 0.7 kama ilivyopangwa. Kipimo chenyewe kilikuja wakati wa kurudi. Foleni ya malori kwenye mizani ya Mariakani ilitushika juani adhuhuri, gari likitambaa, na intakula ya Forester, kipozaji cha hewa inayotoka kwenye turbo, ambayo imelala juu ya injini chini ya boneti, ikawa inapashwa moto kutoka chini bila upepo wowote kutoka juu. Barabara ilipofunguka nilikanyaga mafuta katika gia ya tatu ili nilipite lori la saruji.

"Mjomba, cheche zimerudi nyuma," mpwa wangu alisema. "Nyuzi mbili."

Maana yake kompyuta ilikuwa imehisi injini ikianza kugonga. Niliachia mafuta. Baada ya kilomita chache za upepo kupita kwenye intakula, kompyuta ilizirejesha zile nyuzi mbili, na namba ya kuyaamini mafuta haikutikisika. Nilipopita lori lililofuata, karibu na Maungu, hakukuwa na marekebisho yoyote.

Januari nilimpelekea fundi rekodi za safari nzima, naye akazisoma mstari kwa mstari akiwa ameketi juu ya tairi kuukuu. Habari ya turbo kubwa haikurudi mezani. Tulichozungumza ni intakula ya STI, ambayo ni pana zaidi na huingia mahali palepale kwa marekebisho madogo, pamoja na mpira wa kuziba nafasi kati yake na boneti ili hewa inayoingia kwenye tundu la juu isipotee pembeni.